Alichuma kwenye mafuta, akatetea mazingira: mnafiki au mjanja?

Mdogo wangu kapata kazi kwenye kampuni ya mafuta. Badala ya kushangilia, alikuja kwangu kaukunja uso. "Braza," akaniambia, "wewe kila siku unaandika habari za miti na mito. Sasa mimi nikivaa ovaroli ya mafuta, si utaniweka gazetini?"

Nilicheka, lakini swali lilinikaa moyoni. Vijana wangapi wa mjini wako kwenye mtego huo huo? Unataka hewa safi, unataka na mshiko. Nikamwambia akae chini nimpe kisa cha mzee mmoja wa Kanada, Maurice Strong. Na wewe msomaji sogea karibu, maana kisa chenyewe kimepita hapa hapa kwetu Afrika Mashariki.

Strong alizaliwa mwaka 1929 Oak Lake, kijiji cha mkoa wa Manitoba. Ule mdororo mkubwa wa uchumi ukamkumba baba yake, mfanyakazi wa reli, akapoteza kazi. Njaa wakaijua. Kijana akaondoka nyumbani mapema, akaenda kaskazini kabisa kwenye barafu kununua ngozi za wanyama kwa ajili ya kampuni ya Hudson's Bay. Chuo kikuu hakukiona. Mwaka 1947, akiwa na miaka 18, akapata kibarua Umoja wa Mataifa, New York, kama karani mdogo kwenye kitengo cha usalama. Hakukaa sana. Cheo hakina, mshahara hauna, akarudi kwao kutafuta pesa.

Na pesa akazipata kwenye mafuta! Miaka ya 1950 alifika Nairobi kufanya kazi na Caltex, ile kampuni ya vituo vya mafuta. Aliporudi Kanada akapanda ngazi mbio mbio, na kabla hajafikisha miaka 40 alikuwa rais wa Power Corporation, moja ya kampuni nzito za nchi hiyo.

Wengine wangenunua boti wakatulia. Yeye mwaka 1966 akaacha ulaji huo, akaenda serikalini kusimamia misaada kwa nchi maskini. Hapo ndipo Umoja wa Mataifa ulipomwona, ukampa kazi ya kuandaa mkutano wa kwanza mkubwa wa mazingira, Stockholm, Juni 1972.

Kazi ilikuwa ngumu. Nchi zetu zilikuwa na wasiwasi, na haki zilikuwa nayo. Wazungu wamekata misitu yao, wamejenga viwanda, wameneemeka. Leo ndio waje kutuambia sisi tusijenge? Strong hakubishana nao. Mwaka 1971 aliwakusanya wataalamu, wengi wao wa nchi maskini, huko Founex, Uswisi. Wakatoka na hoja moja nzito: umaskini wenyewe ni tatizo la mazingira. Mama asiye na jiko lingine atakata mti, umlaumu usimlaumu. Hoja hiyo ikafungua mlango, na nchi 113 zikaenda Stockholm. Siku ya Mazingira Duniani tunayoadhimisha kila tarehe 5 Juni inatokana na siku mkutano huo ulipofunguliwa.

Baadaye mwaka huo huo likaundwa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP. Makao yake yawe wapi? Miji mikubwa ya Ulaya na Marekani ilizoea kupewa vitu kama hivyo. Safari hii nchi zinazoendelea zikapiga kura kwa umoja, Nairobi ikashinda. Ilikuwa mara ya kwanza kwa makao makuu ya aina hiyo kuwekwa kwenye nchi inayoendelea. Na mkurugenzi wake wa kwanza? Jamaa yetu yule yule wa Caltex, safari hii na kofia nyingine.

Mdogo wangu akatabasamu. "Basi mzee alitubu." Nikamwambia ngoja kwanza.

Mwaka 1976 Strong alirudi kwenye mafuta, akiwa mkuu wa kwanza wa Petro-Canada, kampuni ya serikali. Mwaka 1979 akajaribu siasa, akasimama kugombea ubunge kwa tiketi ya chama cha Liberal, kisha akajitoa kabla ya kura. Miaka ya 1980 kampuni aliyoshiriki kuianzisha Colorado, Marekani, ilitaka kuvuta maji ya ardhini ya bonde la San Luis ili yauzwe. Wakulima wakaja juu, kesi ikaenda mahakamani, mradi ukafa. Lakini miaka hiyo hiyo, njaa ilipoipiga Afrika, alikuwa anaratibu misaada ya dharura ya Umoja wa Mataifa. Na mwaka 1992 ndiye aliyeongoza maandalizi ya mkutano wa Rio de Janeiro, uliofikiwa na viongozi zaidi ya 100 na kuzaa mkataba wa mabadiliko ya tabianchi.

Mwisho wake ukawa na doa. Mwaka 2005, uchunguzi wa mpango wa mafuta kwa chakula wa Irak ulionyesha kuwa mwaka 1997 alipokea hundi ya karibu dola milioni moja kupitia mfanyabiashara wa Korea Kusini. Alisema hakujua kuwa fedha zilitoka Irak, na hakushtakiwa. Lakini alijiweka pembeni na kazi za Umoja wa Mataifa, akaishi Beijing kwa miaka kadhaa. Alifariki Novemba 2015, siku chache kabla ya mkutano wa tabianchi wa Paris.

Sasa, mnafiki au mjanja? Mimi naona alijua kitu kimoja: wenye viwanda na wenye miti lazima wakae meza moja, na yeye aliweza kuongea lugha za pande zote. Kosa ni kwamba anayekaa pande zote mbili za meza hufika mahali asijue anamtumikia nani. Hapo ndipo yalipotokea ya maji ya Colorado.

Nikamwambia mdogo wangu: nenda kazini. Ila siku ukiona mafuta machafu yanamwagwa mtaroni, usigeuze shingo. Sema.

"Na wakinifukuza je, braza?"

Hapo nilikwama. Strong aliacha kazi nono akiwa na akiba benki. Sisi tuna kodi ya nyumba. Nikamwambia ukweli: mwezi wa kwanza utakula kwangu. Wa pili tutajua mbele ya safari.

Kaanza kazi Jumatatu. Mpaka leo hajanipigia simu.