Mtandao Umefika Eastlands, Msaada Bado

Juni 30, 2023, Rais William Ruto alizindua zaidi ya huduma 5,000 za serikali kwenye jukwaa la mtandaoni la eCitizen, na Wakenya wakaambiwa kwamba serikali sasa iko mkononi mwao. Kwa wakazi wengi wa Kayole, Dandora, Kariobangi na Mathare, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, serikali hiyo iko mkononi mwa kijana wa saiba, duka la intaneti la mtaani.

Ndiye anayeomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto na cheti cha tabia njema cha anayetafuta kazi ya ulinzi. Ndiye anayejaza fomu ya mkopo wa masomo wa HELB na ritani za kodi za KRA watu wanapojipanga foleni mwishoni mwa Juni. Juu ya ada ya serikali na ile ya eCitizen, naye hulipwa. Mama anayefulia watu nguo Buruburu ili watoto wale jioni hulipa yote hayo, na kibarua cha siku hiyo kinampita.

Simlaumu kijana huyo. Bila yeye wengi wangekwama kabisa. Lakini ana haraka, wateja wako nyuma, basi anafungua akaunti kwa baruapepe yake mwenyewe, anachagua nywila na kuiandika daftarini. Miezi ikipita saiba imehama, laini ya mteja imepotea, na namba ya uthibitisho inatumwa kwa simu ambayo hana tena. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, lakini siri za mtaa mzima zimo katika daftari la kaunta.

Bima ya afya ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya mfuko wa NHIF Oktoba 2024, asiye na mwajiri alitakiwa kujibu maswali kuhusu nyumba yake: kuta, choo, anachopikia. Majibu hayo ndiyo yanayotumika kukadiria mapato yake, kisha anatozwa asilimia 2.75, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na mwanzoni ilimbidi alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Jibu moja likijazwa kwa kubahatisha na mtu asiyemjua, mwenye kibanda cha mboga atabeba mzigo usio wake, au ataacha kulipa na kwenda hospitalini bila bima.

Shida ya Eastlands si mawimbi ya mtandao. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa 2009, na minara imejaa mitaani. Hata hivyo, sensa ya 2019 ilionyesha kwamba ni asilimia 22.6 tu ya Wakenya wa miaka mitatu na zaidi waliokuwa wakitumia intaneti. Bando hugharimu, simu ya kabambe haifungui fomu ndefu, na mzee huogopa kubonyeza asichokielewa. Lakini mzee huyohuyo anatuma pesa kwa M-Pesa bila kutetemeka. Tangu 2007 amekuwa na wakala kwenye kona, mtu wa kumuuliza leo na kurudi kumuuliza kesho, mpaka akazoea. Serikali ilipohamia mtandaoni haikumwekea wakala wa namna hiyo.

Serikali imeahidi kituo cha kidijitali katika kila mojawapo ya wadi 1,450 za nchi. Ni vyema, lakini kompyuta pekee hazitamfundisha mtu. Maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo shirika la Book Bunk la Wanjiru Koinange na Angela Wachuka lilizikarabati pamoja na kaunti, tayari zina paa, meza na watu wanaoziamini. Kinachotakiwa hapo ni msaidizi anayelipwa mshahara, anayeketi kando ya shosho na kumwachia kibodi abonyeze mwenyewe, achague nywila yake, aondoke nayo kichwani.

Serikali ya kaunti iutenge mshahara huo katika bajeti ijayo, ianze na maktaba hizo mbili kisha ifike Dandora na Kayole. Nawe mkazi, kaunti ikiita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, nenda ukalidai hilo mbele ya mwakilishi wa wadi yako (MCA).