Mtoto anabaki na nani?

Huko Mitwaba mama anaamka mapema kwenda shambani au kuosha kasiterite, na swali la kwanza la siku ni hilo. Anayenyonya huenda mgongoni. Aliyeanza kutembea ndiye shida: mara nyingi anaachiwa dada yake wa miaka 8, ambaye siku hiyo haendi masomo. Sasa, kanisa likifungua kreshi katika jumba lake siku za juma, litakuwa limemsaidia mtoto ama limemwumiza?

Wachunguzi wa Marekani walitafuta jibu kwa kufuata watoto zaidi ya 1,300 tangu walipozaliwa mwaka 1991. Waliolelewa na mtu anayewasemesha na kuitikia kilio chao walijua maneno mengi zaidi. Waliokaa saa nyingi sana mbali na wazazi tangu wakiwa wachanga walikuwa wagomvi kidogo zaidi. Lakini kilichowajenga kuliko yote kilikuwa nyumba yao wenyewe.

Jimbo la Quebec, nchini Kanada, lilianza mwaka 1997 kushusha bei ya kreshi hadi dola 5 kwa siku. Nafasi ziliongezeka haraka, ubora ukabaki nyuma. Baadaye wachunguzi waliona wasiwasi na ugomvi umeongezeka kwa watoto wadogo.

Tusiyachukue hayo jinsi yalivyo. Kule wengi walitoka mikononi mwa mzazi. Kwetu mara nyingi anatoka mikononi mwa mtoto mwenzake. Hata hivyo mtoto wa chini ya miaka 3 ni yuleyule: anajifunza kutulia kwa kushikwa na mtu anayemjua. Akibadilishiwa walezi kila juma, au mama mmoja akiachiwa vichanga 15, hana wa kumtegemea. Mwishowe anaacha hata kulia, nasi tunamsifu kuwa mpole.

Basi kabla ya kununua mikeka, hesabuni walezi. Kwa wasiofikisha mwaka mmoja, wataalamu wengi wanataka watoto 3 au 4 tu kwa mlezi mmoja. Walezi wawe walewale kila siku, nao walipwe kitu, maana wa bure atachoka mwezi wa pili. Mtoto aanze kwa saa chache, mama akiwa karibu. Na muulizeni mwalimu wa yule dada wa miaka 8 kama siku hizi anamwona darasani.