Pikapu mpya ya familia: Kilomita 1,000 za kwanza zina siri yake

MSIMU wa zabibu ukiisha Makutupora, fedha huingia kwa mkupuo na huwa na wenyewe wengi. Kuna ada ya shule, kuna bati za nyumba, kuna deni la dawa za shambani. Zipo familia zinazojibana misimu kadhaa, zikakopa kidogo juu ya akiba na kununua pikapu mpya ya dizeli. Siku gari linapoingia uani watoto hulizunguka, majirani huja kupongeza, na kabla chai haijapoa mtu mmoja huuliza: “Kesho linabeba?”

Jibu la swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Wiki chache za mwanzo ndizo zinazochangia sana kama injini itanywa oili na kutoa moshi mapema, au itafanya kazi hadi mtoto aliye darasa la tatu leo amalize chuo. Samaki mkunje angali mbichi, na kwa injini hali ni hiyohiyo.

Yai au punda?

Katika familia nyingi hapa huzuka mabishano. Babu anasema gari jipya liendeshwe polepole kama limebeba mayai. Kijana anasema dizeli ni mashine ya kazi, ipigishwe mzigo tangu siku ya kwanza kama punda. Kila mmoja ana nusu ya ukweli.

Ndani ya injini, pistoni hupanda na kushuka kwenye silinda. Pistoni imevishwa ringi za chuma, na kazi ya ringi ni kuziba nafasi kati yake na ukuta wa silinda. Kiwandani, ukuta huo huachwa na mikwaruzo midogo sana inayokatana. Mikwaruzo hiyo hushika oili, na pia husaidia ringi kujisugua hadi zikae sawasawa na ukuta.

Kinachozisukuma ringi zikabane ukuta ni mgandamizo wa gesi wakati dizeli inapoungua. Injini ikiachwa inaunguruma bila kazi kwa muda mrefu, mgandamizo ni mdogo, ringi hazikai vizuri, na ukuta unaweza kuwa laini kama kioo. Hapo oili hupenya na kuungua, moshi wa bluu hutoka nyuma. Hivyo kuliacha gari linaunguruma nusu saa kando ya shamba huku kreti za zabibu zikipangwa hakulisaidii. Zima.

Kwa upande mwingine, injini ikikamuliwa kwa mzigo mzito na mwendo mkali kabla vyuma havijazoeana, joto huzidi na vyuma hukwaruzana vibaya. Njia nzuri iko katikati: kazi ya wastani, inayobadilikabadilika.

Hesabu ya kilomita

Wa kwanza kusikilizwa ni kitabu kinachokuja na gari. Vitabu vingi vya Toyota, kwa mfano, hutoa hesabu nyepesi kukumbuka. Kilomita 300 za kwanza, epuka kufunga breki ghafla, kwa sababu pedi za breki nazo ni mpya. Kilomita 800 za kwanza, usivute tela. Kilomita 1,000 za kwanza, usikimbize sana, usikanyage mafuta ghafla, usikae muda mrefu kwenye gia ndogo, na usishikilie mwendo mmoja kwa muda mrefu.

Hilo la mwisho huwashangaza wengi. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye kilomita 251 na iliyozinduliwa mwaka 2018, inapita Makutupora na inamshawishi dereva ashikilie 80 bila kubadili hadi Kondoa. Kwa gari jipya, panda hadi 80, shuka hadi 60, panda tena, badili gia mapema bila kuiacha injini ilie. Kwenda Kondoa na kurudi ni zaidi kidogo ya kilomita 250, kwa hiyo safari nne za namna hiyo zinamaliza kazi. Anayetumia gari kwenda sokoni Dodoma mjini tu atahitaji wiki kadhaa.

Kuhusu mzigo, anza na kidogo, ufike nusu ya uzito ulioandikwa kwenye kitabu, kisha uongeze kadiri kilomita zinavyosogea. Lumbesa za mahindi zisubiri. Baada ya safari za kwanza kwenye njia mbovu, kagua pia nati za magurudumu.

Vumbi na mafuta

Makutupora ina adui mwingine. Kuanzia Juni hadi mvua zinapokaribia, njia za kutoka mashambani ni vumbi tupu, na vumbi la mchanga likiingia kwenye silinda husaga ringi kama msasa. Kagua chujio la hewa mara nyingi kuliko anayeendesha mjini, na hakikisha limekaa vizuri kwenye kasha lake. Ukifuata gari jingine, acha nafasi hadi vumbi litulie.

Mafuta ni jambo la pili. Neno “kuchakachua” Watanzania walilizoea kutokana na mafuta, wakati taa ilipokuwa rahisi kuliko dizeli na wajanja wakaichanganya. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua biashara hiyo. Sababu ya kuogopa mchanganyiko huo ni kwamba dizeli hulainisha pampu na nozo inapopita, na mafuta ya taa hayalainishi kiasi hicho. Jaza kwenye kituo chenye wateja wengi, dai risiti, uitunze.

Familia zenye pampu za kumwagilia mizabibu huwa na pipa la dizeli nyumbani. Pipa hilo hukusanya maji na uchafu chini. Lisiwe chanzo cha mafuta ya gari jipya.

Nani ashike usukani?

Hapa ndipo mambo ya gari yanapogeuka mambo ya ndoa na malezi. Kwa kilomita 1,000 za kwanza, ni vema dereva awe mmoja, au wawili waliokubaliana namna ya kuendesha. Mama na baba wakae waamue kabla kijana hajaomba funguo na kabla shemeji hajaja kuazima kwa ajili ya harusi. Kumkatalia ndugu ni kugumu, lakini maneno “gari bado linazoeshwa, rudi mwezi ujao” ni ya kweli na hayamvunjii mtu heshima.

Kijana mwenye leseni apewe nafasi akiwa na mzazi kando. Apewe pia daftari: aandike kilomita, lita za dizeli, kiwango cha oili kila asubuhi kabla ya kuwasha. Anayeandika hivyo hujifunza kwamba gari ni mali ya nyumba nzima, na oili ikipungua ghafla ataonekana wa kwanza kujua.

Watoto wasipandishwe nyuma kwenye bodi, hata kama ni safari ya kwanza na wote wana furaha. Breki mpya na matairi mapya havijashika vizuri, na bodi haina mkanda.

Halafu kuna usiku. Pikapu ya kijijini ni gari la wagonjwa pia. Mama mjamzito akishikwa na uchungu saa nane za usiku na jirani akagonga mlango, asiwepo wa kuuliza gari lina kilomita ngapi. Washa, nenda hospitali Dodoma. Safari moja ya haraka haiui injini, na injini hailindwi kwa gharama ya mtu.

Baada ya hapo

Kilomita 1,000 zikitimia, lirudishwe kwa ukaguzi kama kitabu kinavyoelekeza, na oili ibadilishwe kwa tarehe au kilomita zilizoandikwa humo. Kuruka ukaguzi kunaweza kuiharibu dhamana ya gari.

Ushauri huu unawafaa pia walionunua gari lililotumika. Injini iliyofunguliwa na kuwekwa ringi mpya ni mpya tena, nayo inahitaji uvumilivu uleule. Muulize fundi anataka uiendesheje na urudi lini, kabla hujamlipa na kuondoka gereji.