Kabla mkutano mkuu haujafunguliwa



Katika miezi hii makanisa na ushirika nyingi zinatayarisha mikutano mikuu. Ripoti zinaandikwa, michango inakusanywa, wamama wanachagua kikwembe cha kuvaa pamoja. Na sisi wote tunajua namna siku yenyewe inavyoenda. Wamama wanafika asubuhi na mapema, wanapanga viti, wanawasha moto. Saa ya kupiga kura ikifika, nusu yao wako jikoni wanasonga bugali. Wale walio ndani wanasikia karatasi ikisomwa mbio mbio, wanaulizwa kama wanakubali, wanainua mkono. Jioni, njiani, mmoja anauliza mwenzake: "Kumbe wamepitisha nini?"

Juma hili tunataka kuzungumza juu ya wamama wa kanisa moja la mbali waliojua shida ya namna hii, na juu ya mlango walioupata. Waliupata katika vikao vidogo, vile vinavyofanyika kabla ya mkutano mkubwa.

Wamama hao ni Waunitari. Waunitari ni watu wa dini waliotoka katika Ukristo wa Ulaya. Jina lao linatokana na kuamini kwamba Mungu ni mmoja, bila fundisho la Utatu. Kanisa lao la zamani liko Transylvania, ambayo leo ni sehemu ya nchi ya Romania. Linahesabu mwanzo wake tangu 1568, wakati wa mhubiri Ferenc Dávid. Huko Marekani, mwaka wa 1961, Waunitari waliungana na Wauniversali, waliofundisha kwamba mwishoni Mungu ataokoa watu wote. Tangu hapo wana chama kimoja cha makanisa. Hata karibu na sisi wamekuwako: Bujumbura, ng'ambo ya mpaka wa Uvira, ilianzishwa jumuiya ya Wakristo Waunitari. Wengi wetu tunasali kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, na habari hii hatuileti ili mtu abadilishe kanisa. Tunaileta juu ya kazi ambayo wamama wale walifanya, maana kazi ile kila mama anaweza kuifanya fasi anaposali.

Kila mwaka, katika mwezi wa sita, makanisa ya Waunitari na Wauniversali wa Marekani yanatuma wajumbe kwenye Mkutano Mkuu. Huo ndio wenye mamlaka ya kupiga kura juu ya statuti na maazimio. Lakini kazi inaanza kabla ya siku ya ufunguzi. Wachungaji wanakutana kwanza peke yao kwa masomo na sala. Halafu kuko vikao vidogo, ambamo mjumbe anashika andiko mkononi, anauliza maana ya neno hili na lile, na anatoa pendekezo la kulirekebisha. Hapo desturi yao ni kali: rekebisho ambalo halikupita katika kikao kidogo, kwa kawaida halipokelewi tena katika ukumbi mkubwa. Mwenye kukosa kikao kidogo anabaki na maneno mawili tu, ndiyo au hapana.

Sasa tuone namna wamama walivyoitumia njia hiyo ya kujitayarisha mbele.

Kuko mama mmoja aliyeitwa Lucile Longview, muumini wa kanisa la Lexington, katika jimbo la Massachusetts. Hakuwa mchungaji, alikuwa muumini wa kawaida. Aliandika azimio juu ya wanawake na dini. Liliomba waamini wote wachunguze namna imani yao inavyogawanya kazi na heshima kati ya mume na mke nyumbani. Liliomba pia viongozi waache maneno na mawazo yanayomweka mwanamke nyuma. Karatasi ile haikukimbilia ukumbini. Ilipita kwanza katika mikono ya wamama rafiki zake, ikatembea kanisa kwa kanisa, ikakusanya sahihi za waamini. Mwaka wa 1977, ilipofika katika Mkutano Mkuu uliofanyika Ithaca, jimbo la New York, ilikuwa na watu wengi nyuma yake. Wajumbe waliipitisha wote kwa sauti moja.

Wengine wangeimba, wangecheza, wangerudi nyumbani. Lakini azimio linaweza kupita leo na kulala ndani ya kabati miaka kumi. Kwa hiyo wamama wale walipanga vikao vingine.

Mwaka wa 1979 walikutana Grailville, karibu na mji wa Loveland, katika jimbo la Ohio. Nyumba ile ilikuwa ya Grail, shirika la wanawake lililozaliwa katika Kanisa Katoliki. Pale walichukua misingi ya kanisa lao, ile iliyoandikwa mwaka wa 1961 wakati wa muungano, wakaisoma tena wakijiuliza swali moja: sisi tuko wapi ndani ya andiko hili?

Jibu lilikuwa gumu. Kwa Kiingereza, neno lililotumiwa kusema "binadamu" lilikuwa neno lile lile la "mwanaume". Sisi Wakongomani tunaelewa upesi, maana Kifaransa cha ofisi zetu kinafanya vile vile: kinasema "droits de l'homme", hata pale ambapo aliyeonewa ni mama. Hapa Kiswahili chetu kinatupa raha. Mtu ni mtu, awe mume awe mke, na tunasema haki za binadamu bila kumwacha mtu nje. Wamama wale hawakuwa na raha hiyo. Msichana wao aliyekua akisikia kanisani kwamba heshima ni ya "mwanaume", alipaswa kujiambia kila mara kwamba labda na yeye amehesabiwa.

Wengine wanasema hayo ni maneno tu. Mama aliyewahi kupeleka kesi ya shamba hawezi kusema hivyo. Kitabu chetu cha sheria ya jamaa cha 1987 kilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake kwa matendo mengi ya kisheria. Sheria ya 2016 iliondoa sharti hilo, ikaweka mapatano kati ya mume na mke. Kilichobadilika ni maneno ya kitabu, lakini ni maneno yanayoamua nani anaweza kutia sahihi.

Katika mwezi wa kumi na moja wa 1980 walikutana tena, safari hii East Lansing, katika jimbo la Michigan. Lucile Longview na mwenzake Carolyn McDade, mtungaji wa nyimbo, walitayarisha ibada ambayo ingetoka katika maisha ya wanawake wenyewe. Wanawake walileta maji kidogo kutoka fasi wanapoishi. Maji yote yakamiminwa katika chombo kimoja. Mwanamke aliyetoka mbali aliona maji yake yamechanganyika na ya wenzake, na hakuna aliyeweza kuyatenga tena. Leo makanisa mengi ya Waunitari na Wauniversali wanafanya ibada hiyo kila mwaka, mara nyingi katika mwezi wa tisa, na wengi wanaoipenda hawajui kwamba ilitoka katika mkutano wa wamama.

Sisi hatuhitaji kuelezwa uzito wa maji. Mama aliyepanda kilima na bido mgongoni, mtoto mbele, anaujua mwilini mwake. Ndiyo maana ibada ile imetugusa. Ilichukua kitu cha kila siku cha mwanamke, ikakiweka katikati ya kanisa.

Mwaka wa 1981 jambo la misingi lilifika katika Mkutano Mkuu wa Philadelphia. Kulikuwa mabishano, maana maneno ya dini yanagusa moyo. Mkutano haukulazimisha kura ya haraka. Komite iliwekwa, makanisa yaliulizwa, maandiko yalitumwa na kurudishwa. Kwa kuwa kanuni yao ilidai misingi ipigiwe kura katika mikutano miwili yenye kufuatana, walipiga kura ya kwanza mwaka wa 1984 na ya pili mwaka wa 1985. Misingi mipya saba ikapita. Wa kwanza ulisema juu ya thamani na heshima ya kila mtu. Lile neno la "mwanaume" lilikuwa limeondoka.

Hesabuni wenyewe: kutoka 1977 mpaka 1985 ni miaka minane. Katika miaka hiyo Mkutano Mkuu ulikaa siku chache tu kila mwaka. Kazi iliyobaki ilifanyika katika barua, katika vyumba vya kanisa, na katika mikutano ya wamama. Mwaka wa 2017, miaka arobaini baada ya Ithaca, chama kile kilichagua kwa kura rais wa kwanza mwanamke, mchungaji Susan Frederick-Gray. Na misingi ile ya 1985 yenyewe haikubaki milele: mwaka wa 2024 wajumbe waliandika upya sehemu ile ya statuti, wakaweka upendo katikati. Kitabu cha watu kinasomwa tena na watoto wao.

Wanawake wa imani hiyo wamefanya mikutano yao hata kati ya nchi na nchi. Mwaka wa 2009 walikutana Houston, Marekani, na mwaka wa 2012 wakakutana Romania, katika nchi ile ile ya wazee wao.

Sasa turudi kwetu. Tunapendekeza nini kwa vikundi vyetu?

Kwanza, ombeni karatasi mapema. Mwanachama ana haki ya kuona statuti, ripoti ya feza na maazimio kabla ya siku ya mkutano. Komite ikisema hayajawa tayari, ulizeni yatakuwa tayari siku gani, na mwandike siku hiyo katika kaye.

Pili, kutaneni ninyi wenyewe juma moja au mawili mbele. Hamhitaji ukumbi wala posho. Siku ya likelemba inatosha: mkimaliza kuhesabu feza, bakini saa moja. Mwenye kusoma vizuri asome kwa sauti, polepole, na wengine wasimamishe kila neno wasiloelewa. Kama andiko ni la Kifaransa, mtafsiri kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwenu. Mama ambaye hakusoma anaweza kuuliza swali kuliko wote, maana hadanganywi na uzuri wa barua.

Tatu, chagueni jambo moja, na mliandike. Mkienda na malalamiko kumi, mtasikilizwa kwa heshima na mtasahauliwa. Mkienda na jambo moja lenye sahihi za wamama thelathini, sekretere atalazimika kuliweka katika orodha ya siku.

Ine, na hili ndilo tunaliona la lazima: pangeni nani atapika. Jiko la mkutano lisiwe la wanachama wenye kura. Vijana wa kiume wanaweza kuchota maji na kuchochea moto. Wageni wasio na kura wanaweza kutazama chungu. Au chakula kiliwe baada ya kura kumalizika. Pangeni vilevile nani atabaki na watoto, kwa zamu. Mama mwenye kura akiwa jikoni, kura yake inaiva pamoja na maharagwe.

Tano, andiko likiisha kupita, wekeni siku ya kuangalia kama linafanyika. Wamama wa Ithaca walirudi baada ya miaka miwili wakauliza. Ninyi mnaweza kurudi baada ya miezi mitatu.

Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Bido la maji linajazwa vile vile, kikombe kwa kikombe, na anayelijaza usiku ndiye mwenye maji asubuhi. Mkutano mkuu wa kanisa lenu au wa ushirika wenu ukitangazwa, msingoje siku ya kikwembe kipya. Ulizeni leo karatasi ziko wapi.