Mtoto Akitaka Kusomea Ujenzi Chuo Kikuu



Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yakishatoka, mazungumzo ya barazani hugeuka. Bei ya karafuu huwekwa kando kwa siku chache, na khabari za vyuo hushika nafasi yake. Mzazi aliyemsomesha mwanawe kwa fedha za karafuu akisikia udaktari hufurahi, akisikia ualimu huridhika, lakini akiambiwa, "Nataka kusomea usimamizi wa ujenzi," hunyamaza kidogo. Kisha huuliza: mtoto aende Chuo Kikuu miaka minne ili arudi kuwa mwashi? Kwani mwashi hajifunzi kwa fundi wake, akaanza kwa kubeba ndoo na kukoroga chokaa, mpaka siku akakabidhiwa mwiko?

Swali hili ni la haki, na lastahili jawabu la utaratibu, kwa kuwa ada si ndogo na miaka minne si michache katika umri wa kijana. Makusudio ya maneno haya ni kueleza masomo hayo ni kitu gani, na mzazi atazame nini kabla hajatoa fedha yake.

WATU WA JENGO MOJA

Yafaa kwanza tutenganishe kazi, maana wengi wetu huzichanganya. Fundi ndiye mwenye mkono: mwashi, seremala, mfunga nondo, fundi wa mabomba. Bila yeye hapana nyumba, wala elimu ya Chuo Kikuu haimpunguzii heshima yake hata kidogo.

Mbunifu majengo huchora sura ya nyumba na mpango wa vyumba vyake. Injinia, au mhandisi kama aitwavyo siku hizi, hupiga hisabu ya nguvu: nguzo iwe nene kiasi gani, itiwe nondo ngapi, na msingi uchimbwe mpaka wapi. Mkadiriaji majenzi huipima michoro hiyo akatoa orodha ya vipimo na gharama, ikaonekana mifuko ya saruji ni mingapi, kokoto kiasi gani, na fedha jumla ni ngapi. Na msimamizi wa ujenzi ndiye anayeyafunga yote hayo pamoja. Yeye huulizwa mambo manne kila siku: muda, fedha, ubora wa kazi, na usalama wa watu.

Mwanafunzi anayesomea fani hizi hafundishwi kushika mwiko ili ashindane na fundi. Hufundishwa kujua kwa nini ukuta husimama, na kwa nini siku nyengine hausimami.

HUFUNDISHWA NINI

Miaka ya mwanzo ni ya hisabu na fizikia, kuchora, kupima ardhi, na tabia za vifaa vya kujengea. Miaka inayofuata mwanafunzi wa uhandisi huingia katika elimu ya udongo, zege, chuma, maji na barabara. Mwanafunzi wa ukadiriaji na usimamizi huingia zaidi katika uchumi wa ujenzi, mikataba, sheria, na upangaji wa kazi. Wote hupelekwa kazini kwa wiki kadhaa wakati wa likizo, wakavaa kofia ngumu na kuandika khabari za waliyoyaona.

Tuchukue mfano wa zege, kitu ambacho kila mmoja wetu amekiona kikichanganywa. Kibarua akichoka kukoroga huongeza maji, zege likawa laini, na kazi ikaenda mbio. Mwanafunzi hujifunza kwamba maji hayo ndiyo yanayoiba nguvu. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukitiwa maji lita 25, zege hutoka imara. Ukitiwa lita 35 nguvu yaweza kupungua kama theluthi nzima, na kwa macho hutaona tafauti. Ndiyo maana hutengenezwa vipande vya mraba vya zege lile lile, vikavunjwa kwa mashine siku ya 7 na siku ya 28, ili ijulikane zege limekomaa kwa nguvu iliyokusudiwa au sivyo. Na zege changa hutaka kunyweshwa maji siku saba au zaidi. Likiachwa likauke haraka juani, huwa kama karafuu iliyoanikwa vibaya: sura ipo, thamani hapana.

Mfano wa pili ni wa visiwani kwetu hasa. Mchanga wa pwani hauna gharama, upo miguuni. Lakini una chumvi, na chumvi hiyo huingia mpaka kwenye nondo zikashika kutu. Chuma kilichoshika kutu huvimba, na kikivimba hulipasua zege kwa ndani. Nyumba iliyojengwa kwa bei rahisi mwaka huu huanza kumwaga vipande vya dari baada ya miaka.

Mfano wa tatu ni nyumba zetu za kale za mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizo huvuta unyevu na kuutoa, kama mtu apumuavyo. Mtu akizipaka plasta ngumu ya saruji kwa nia njema, unyevu hufungiwa ndani, plasta ikabanduka na ukuta ukaoza polepole. Aliyesoma hujua kwamba ukuta wa chokaa hutengenezwa kwa chokaa.

HISABU YA SIKU

Usimamizi wa ujenzi ni kama msimu wa karafuu. Mwanachama hajapeleka wachumaji shambani kabla ya kujua majamvi yapo, watu wa kuchambua wapo, na magunia yapo. Akisahau jambo moja, karafuu mbichi hurundikana zikaharibika. Wajenzi nao wana hisabu yao ya namna hii, iliyotungwa Marekani mwaka 1957 kwa ajili ya viwanda, na sasa hufundishwa katika kila chuo cha ujenzi.

Tuseme wanachama wanajenga ghala. Msingi siku 12, kuta siku 15, mkanda wa zege wa juu na kungojea ukomae siku 10, paa siku 6, kutia milango siku 2. Kila kazi hungojea iliyotangulia, kwa hivyo jumla ni siku 45. Kazi hizi tano ndizo njia yenyewe: kuta zikichelewa siku 5, ghala litachelewa siku 5, hapana la kufanya.

Lakini kuna kazi za pembeni. Mabati yanaagizwa ng'ambo ya maji na huchukua siku 20. Yanahitajiwa siku ya 37 ikimalizika, basi yaagizwe kabla ya siku ya 17 kupita. Seremala anahitaji siku 14 kwa milango, nayo yatakiwa siku ya 43 ikimalizika, basi aweza kuanza hata siku ya 29. Asiyejua hisabu hii humlipa seremala siku ya kwanza, fedha zikakwisha, na mabati yakakosa kuagizwa. Kuta zikasimama uchi masika nzima, na watu wakasema mkandarasi mwizi. Huenda hakuiba. Hakupanga.

KWA NINI LINATUHUSU

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee, nasi tumeona makubwa kuliko ukuta. Tarehe 29 Machi, 2013, jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa Dar es Salaam lilianguka, na watu 36 wakafa. Tarehe 25 Disemba, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash lililojengwa mwaka 1883, ilianguka mjini Unguja wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafariki. Novemba 2024 jengo lenye maduka lilianguka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha.

Hatuyataji haya ili kumhukumu mtu. Twayataja kwa sababu nyumba za siku hizi si za chini peke yake. Watoto wetu wanasoma katika skuli za ghorofa, wagonjwa wetu hulazwa katika hospitali za ghorofa, na fedha za umma zinaingia humo. Kisiwa kisicho na watu wake wenyewe wa kusoma michoro, kupima zege, na kusema "simamisheni kazi" hulazimika kuamini neno la mgeni. Na neno hilo la kusimamisha kazi ni zito. Kijana wa miaka 25 humwambia tajiri mwenye jengo kwamba nguzo hii ivunjwe ijengwe upya. Elimu humpa sababu ya kusema hivyo, lakini uaminifu hutoka nyumbani kwake.

VYUO NA NJIA ZA KUINGIA

Katika Tanzania, Chuo Kikuu cha Ardhi kilichopo Dar es Salaam ndicho chenye historia ndefu katika mambo haya. Kilianza mwaka 1956 kama skuli ya wapima ardhi, kikawa Chuo cha Ardhi mwaka 1974, kikaungwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu kamili. Huko hufundishwa ubunifu majengo, uchumi wa ujenzi na usimamizi wake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilianza kufundisha uhandisi mwaka 1973, na shahada ya uhandisi wa ujenzi huchukua miaka minne.

Mlango wa kawaida ni Kidato cha Sita, kwa hisabu na fizikia hasa. Kwa hiyo uamuzi haufanywi Kidato cha Sita. Hufanywa mapema, wakati mtoto anapochagua masomo. Mlango wa pili ni wa stashahada ya ufundi, na kijana aliyepitia huko mara nyingi huja Chuo Kikuu akiwa tayari na mkono wa kazi. Tusiudharau. Wala tusifikiri kazi hii ni ya wavulana tu: hisabu haimuulizi mtu kama ni mwanamume au mwanamke, na wahandisi wanawake wapo kazini leo.

Shahada si mwisho. Aliyehitimu uhandisi huandikwa kwanza kama mhandisi mhitimu, akafanya kazi chini ya wakubwa wake kwa miaka isiyopungua mitatu, ndipo Bodi ya Usajili wa Wahandisi imtambue kuwa mhandisi kamili. Wakadiriaji majenzi na wabunifu majengo wana bodi yao, makandarasi wana yao, na Zanzibar inayo bodi yake ya wataalamu wa fani hizi. Mzazi ajue basi kwamba mtoto hatarudi na mshahara mkubwa mwaka wa tano. Atarudi mwanafunzi wa namna nyengine.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwanza, hakikisha chuo na shahada vimo katika orodha ya Tume ya Vyuo Vikuu. Shahada isiyotambuliwa na bodi ni karatasi. Pili, mtoto aombe mkopo mapema, katika Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar na popote anapostahiki. Tatu, mpeleke penye ujenzi wakati wa likizo, akae hata wiki mbili na mafundi. Akichukia vumbi na jua, bora ajue sasa.

Nne, na hili tulishike sana: ada ilipwe kwa mavuno, isilipwe kwa mikarafuu. Katika miaka ya 1930 mashamba mengi ya visiwa hivi yalikuwa yamefungwa kwa madeni, hata Serikali ya wakati ule ikalazimika kutunga sheria kuyazuia yasiende yote kwa wadai. Mavuno ya karafuu hupanda na kushuka, mwaka mzuri hufuatwa na mwaka mbaya, lakini Chuo Kikuu hutaka ada kila mwaka sawasawa. Basi mwenye mtoto wa Kidato cha Tatu aanze kuweka akiba mwaka wa neema, wala asingoje barua ya chuo ndipo atafute wa kumkopesha. Mkarafuu hutaka miaka kama saba hivi ndipo uanze kuzaa, na mtoto anayeanza Kidato cha Tatu leo atahitaji zaidi ya hiyo mpaka awe mhandisi kamili. Anayeweza kuungojea mti aweza kumngojea na mtoto.