Kucha, Chanuo na Marashi: Adabu ya Afisi ya Watu Wengi

Mambo mengi yamekwisha andikwa juu ya adabu ya kazi: kufika mapema, kujibu barua bila kukawia, kumsikiliza mgeni mpaka amalize shida yake. Lakini liko jambo moja ambalo watu huona haya kulinena, nalo ni adabu ya kujitengeneza mwili mahali ambapo watu wengi hukaa pamoja chini ya paa moja. Haya hiyo ndiyo iletayo ugomvi, maana lisilosemwa kwa upole mwisho husemwa kwa dhihaka. Nami nataka leo kulisema wazi, kwa kuwa nililiona kwa macho yangu, na katika sehemu moja ya habari hii mkosa ni mimi mwenyewe.

MZEE NA KIPANDE CHA UKUCHA

Nilikuwa karani katika afisi ya chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Tulikuwa watu saba katika chumba kimoja chenye madirisha mawili. Mbele yetu palikuwa na kaunta ya mbao, na ng'ambo ya kaunta benchi ambalo wakulima walikalia wakingoja zamu zao.

Siku moja ya malipo, mzee mmoja aliyefika tangu saa moja asubuhi aliitwa kwenye kaunta yapata saa nne. Akafungua daftari lake akaliweka mbele ya karani. Karani yule alikuwa akikata kucha zake, wala hakuacha. Alisema tu, "Ngoja kidogo, Mzee," akaendelea. Mara kipande cha ukucha kikaruka, kikaangukia ukurasa ule ule ulioandikwa kilo za kahawa ya mzee.

Mzee hakupaza sauti. Alikiokota kipande kile kwa ncha za vidole, akakiweka juu ya kaunta upande wa karani, akasema, "Mwanangu, mimi nilileta kahawa. Hiki si changu."

Benchi zima likacheka. Kabla ya jua kutua habari ilikuwa imeenea mlimani kote kwamba makarani wa chama hawana kazi ila kukata kucha. Na katika mkutano mkuu wa mwaka ule, makarani walipoomba nyongeza ndogo ya mshahara, mkulima mmoja alisimama akauliza kama fedha hizo ni za kununulia mikasi. Nyongeza haikupatikana. Kwa hiyo, msomaji, usidhani kwamba jambo hili ni dogo. Mkulima humpima karani kwa mambo ayaonayo akiwa amekaa kwenye benchi, na kwa kipimo hicho hukipima chama kizima.

LIFAALO MEZANI NA LISILOFAA

Watu huuliza mpaka uko wapi, kwa kuwa hakuna awezaye kukaa tangu asubuhi hata jioni bila kujigusa. Mimi nimeona kanuni moja yatosha: kila jambo ambalo huacha kitu nyuma, kiwe kipande, unywele, tone au harufu, si jambo la mezani. Kufuta jasho la uso kwa leso, kunyosha kola ya shati, au kujitazama mara moja katika kioo kidogo kabla ya kuitwa na mkubwa wa kazi, hayo hayamdhuru mtu. Bali kukata kucha, kuchana nywele, kung'oa ndevu, kuchokoa meno na masikio, yote hayo yana mahali pake, napo ni nyumbani au katika chumba cha kunawia, mlango ukiwa umefungwa.

Wala kosa hili si la wanaume peke yao. Rangi ya kucha, na zaidi ya hiyo dawa ya kuiondolea iitwayo asetoni, ina harufu kali ambayo hujaza chumba upesi; tena dawa hiyo hushika moto kwa urahisi, nayo haifai kufunguliwa karibu na makaratasi na nyaya za umeme. Kusuka nywele saa ya chakula ni haki ya mwenye nywele, lakini kusifanyike juu ya meza ambayo mwenzake atakuja kulia.

Liko na jambo la kuazimana. Katika afisi nyingi chanuo moja huzunguka kama kalamu. Huo si wema. Chanuo laweza kuhamisha chawa na choa cha kichwani kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine. Wembe wa kunyolea ni hatari zaidi, maana damu kidogo isiyoonekana kwa macho yatosha kuchukua homa ya ini ya aina ya B. Mtu akikuomba wembe wako, mwambie kwa upole kwamba hauazimwi, naye asione kwamba umemnyima.

Wako watakaosema kwamba adabu hizi ni mambo ya kigeni. Sivyo. Wazee wetu wengi walifundisha kwamba nywele na kucha hazitupwi ovyo, hukusanywa zikafukiwa. Watu wa pwani hufukiza nguo zao kwa udi juu ya chetezo, na kazi hiyo huifanya nyumbani kabla ya kutoka, si barazani kwa mtu. Waislamu nao wameagizwa kukata kucha wala wasiziache kupita siku 40. Kujitunza ni desturi yetu ya kale. Kilicho kipya ni kukaa watu saba, ambao si wa ukoo mmoja, katika chumba kimoja kwa muda wa saa nane.

KIPANDE CHA SABUNI

Sasa nafika kwenye jambo lililo gumu zaidi, nalo ni harufu ya mwili.

Katika afisi ile ile aliletwa kijana mmoja kuwa karani wa hesabu. Alikuwa mwepesi wa kazi, na kosa katika hesabu hakulipita. Lakini kila asubuhi alipoingia, watu walitazamana. Mwezi wa Julai, baridi inapowafanya watu wafunge madirisha, hali ilizidi. Hakuna aliyemwambia neno. Wengine walihamisha viti vyao. Wengine walijifanya kupiga chafya. Hata siku moja alipofika alikuta juu ya meza yake kipande cha sabuni ya kufulia, kimefungwa kwa karatasi kama zawadi. Sisi wengine tuliinamisha vichwa juu ya vitabu vyetu tukicheka kimya kimya. Nasema "sisi", kwa sababu nami nilikuwamo.

Kijana yule alikiweka kile kipande ndani ya saraka, akafanya kazi mpaka jioni bila kuinua macho. Kesho yake hakuja. Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu ilikuja barua yake ya kuacha kazi.

Mhasibu wetu alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole lakini mwenye neno zito. Aliichukua barua ile akaitia mkobani, akapanda gari akamfuata kijana mpaka alikokaa. Aliporudi alituita sote akatueleza. Kijana alikuwa amepanga chumba ambako maji ya mfereji yalifunguliwa siku mbili tu kwa juma, nayo yalikuwa ya kupikia kwanza. Kila asubuhi aliendesha baiskeli kupanda milima miwili ili asitumie nauli, maana nusu ya mshahara wake ililipa karo ya mdogo wake. Alikuwa na mashati mawili, yote ya poliesta.

Mama alisema, "Ninyi mlimpa sabuni. Yeye alikosa maji." Hapana aliyejibu.

Yafaa tujue jinsi jambo hili lilivyo. Jasho lenyewe likitoka mwilini karibu halina harufu. Harufu huja bakteria wakaao juu ya ngozi, hasa makwapani, wanapolivunja jasho hilo. Kwa hiyo kujipaka marashi juu ya jasho la jana hakuondoi kitu. Huongeza harufu ya pili juu ya ya kwanza. Maji na sabuni ndiyo dawa. Dawa za kwapa zenye chumvi za alumini hupunguza jasho, nazo zafaa kupakwa juu ya ngozi safi iliyokauka. Nguo nazo si sawa: poliesta hushika harufu kuliko pamba. Harufu ya kinywa mara nyingi hutoka katika ulimi na fizi, na mswaki, uwe wa mti au wa dukani, ukitumiwa vizuri huipunguza sana. Tena yako maradhi ambayo hubadili harufu ya mtu hata akioga mara tatu kwa siku, naye huyo ahitaji daktari, si dhihaka.

JINSI YA KUMWAMBIA MWENZIO

Kijana yule alirudi kazini, kwa sababu Mama alimwambia mambo yale ambayo sisi tulishindwa kuyasema. Nilimwuliza baadaye aliyasemaje, naye akanifundisha, nami nakupa wewe msomaji kama nilivyopewa.

Kwanza, aseme mtu mmoja tu, tena aliye mkubwa kwa umri au kwa cheo, na mwanamume aambiwe na mwanamume ikiwezekana, na mwanamke na mwanamke, isipokuwa yuko mtu anayeheshimiwa na wote kama mama. Pili, iwe faraghani, na iwe jioni wakati wa kutoka, ili aambiwaye asirudi kukaa na aibu yake mbele ya watu mchana kutwa. Tatu, usiseme "watu wanasema", maana hapo utamfanya aone chumba kizima ni adui zake. Sema, "Mimi nimeona, nami nakuambia kwa kuwa ningependa kuambiwa." Nne, uliza kabla ya kushauri: huenda iko shida usiyoijua. Mwisho, ukiisha kusema, usirudie wala usimhadithie mtu mwingine.

Naye aambiwaye ana wajibu wake. Asikasirike. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Rafiki akuambiaye jambo zito amejitwika mzigo kwa ajili yako. Mshukuru, hata kama moyo wauma.

NYANI HAONI KUNDULE

Nilipomshukuru Mama kwa mafundisho yale nikataka kwenda zangu, alinishika mkono. "Keti," akasema. "Nawe nina neno lako."

Msomaji, mimi nilikuwa nikijivunia usafi wangu. Nilikuwa na chupa ya marashi katika saraka, na kila baada ya chakula cha mchana nilijipulizia shingoni na kifuani hapo hapo mezani, nikidhani nawafanyia wenzangu hisani. Mama akaniambia kwamba dada aliyekaa nyuma yangu alikuwa na pumu, na kila nilipofungua chupa ile alitoka nje akakohoa penye ngazi mpaka apate pumzi. Alikuwa amevumilia mwaka mzima kwa kuogopa kuniudhi. Mimi nilikuwa nimemwona akitoka kila siku saa nane, nikadhani anakwenda kupiga simu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba harufu nzuri kwa mmoja yaweza kuwa ugonjwa kwa mwingine, na kwamba yule aliyecheka kwa sababu ya kipande cha sabuni alihitaji kuambiwa kuliko wote. Nilikwenda kwa dada yule nikamwomba radhi. Chupa niliirudisha nyumbani.

WAJIBU WA MKUBWA WA KAZI

Lakini adabu ya makarani haitoshi ikiwa hakuna mahali pa kuitimiza. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri aweke mahali pa kunawia panapofaa na palipo karibu na wafanya kazi wake. Afisi yetu ilikuwa na mfereji mmoja nje, kando ya ghala ya mbolea. Mama alilipeleka jambo hili mbele ya kamati, na wakulima wenyewe, wale wale waliotucheka, wakakubali. Kikatengwa chumba kidogo chenye mlango, beseni, sabuni, kioo ukutani na msumari wa kutundikia shati. Gharama yake haikuwa kubwa.

Tangu siku hiyo kijana wetu alifika nusu saa mapema, akanawa mwili, akavaa shati la pamba alilolitundika jana yake, akaketi mezani kama mtu yeyote mwingine. Mkata kucha naye aliupata mlango wa kufunga. Na yule mzee wa kahawa, aliporudi msimu uliofuata, alilifungua daftari lake mbele ya karani yule yule, akangoja kidogo, akalitazama kwa makini ukurasa kwa ukurasa. Kisha akacheka, akasema, "Leo naona ni kahawa tupu."