Ukienda Polisi Utafungwa Wewe

Kuwadi hahitaji minyororo. Anayemmiliki mtu mwingine kwa kumuuza au kumtumikisha hutegemea zaidi kauli moja: ukienda polisi, utafungwa wewe. Kauli hiyo hutolewa kwenye vyumba vya hoteli za kando ya barabara kuu, mashambani, na hata kwenye majumba ya watu wanaoheshimika. Ubaya wake ni kwamba katika majimbo mengi ya Marekani, kwa miaka mingi, haikuwa uongo. Msichana aliyeuzwa ndiye aliyetiwa pingu na ndiye aliyebaki na rekodi ya jinai, huku aliyemuuza akiwa keshahamia mji mwingine. Ndiyo maana ninapozisoma sheria zilizopitishwa na mabunge ya majimbo hayo tangu mwaka 2003, siulizi kwanza zimeongeza miaka mingapi ya kifungo. Nauliza kama zimemnyang'anya kuwadi kauli yake.

Msomaji anaweza kushangaa kwa nini majimbo yaingilie suala hili hata kidogo. Utumwa ulipigwa marufuku Marekani nzima mwaka 1865 kwa marekebisho ya 13 ya Katiba, na mwezi Oktoba 2000 Rais Bill Clinton alitia saini sheria ya taifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, ambao Kenya huitwa zaidi ulanguzi. Jina lenyewe linapotosha kidogo, kwani si lazima mtu asafirishwe popote. Sheria hiyo inatazama unyonyaji: kumtumia mtu kwa kazi au ngono kwa nguvu, ulaghai au kulazimishwa. Mtoto wa chini ya miaka 18 akitumiwa katika biashara ya ngono, hakuna haja ya kuthibitisha nguvu wala ulaghai. Umri wake unatosha. Tatizo ni kwamba makachero wa serikali kuu ni wachache, na Marekani ina karibu vyombo 18,000 vya polisi, vingi vikiwa vya miji na kaunti. Askari wanaozunguka usiku hukamata watu kwa sheria za jimbo, na zile za Washington huzisikia redioni tu. Kama kitabu cha jimbo kina kosa la ukahaba na hakina kosa la usafirishaji haramu, askari atatumia kilichomo kitabuni. Jimbo la Washington, lile la pwani ya magharibi, lilikuwa la kwanza kuliandika kosa hilo, mwaka 2003. Texas ikafuata mwaka huohuo. La mwisho lilikuwa Wyoming, mwaka 2013.

Miaka kumi, basi, ilitosha kuyafikisha majimbo yote 50 mahali ambapo kumuuza mtu ni kosa la jinai. Lakini kuongeza kosa jipya hakufuti la zamani. Sheria za ukahaba zilibaki palepale, na hazikuuliza umri. Mwezi Januari 2007, jijini Houston, askari aliyevaa kiraia alimkamata msichana aliyekubali kufanya naye ngono kwa dola 20. Alifunguliwa mashtaka kama mtu mzima, hadi ilipogundulika kuwa ana miaka 13. Kesi ikahamishiwa kwenye mahakama ya familia, lakini shtaka likabaki lilelile la ukahaba. Alikuwa akiishi na mwanamume wa miaka 32 aliyemwita mpenzi wake. Sheria ya Texas ilikuwa inasema wazi kwamba mtoto wa chini ya miaka 14 hana uwezo wa kuridhia ngono na mtu mzima, na anayeshiriki naye ni mhalifu. Kwa hiyo ukurasa mmoja wa sheria ulisema mtoto huyu hawezi kukubali, na ukurasa mwingine ukamwadhibu kwa kukubali. Ilibidi suala hilo lifike Mahakama ya Juu ya Texas, na mwezi Juni 2010 majaji wengi wakaamua kwamba mtoto asiyeweza kuridhia ngono hawezi kushtakiwa kwa kuiuza. Hoja hiyo ni nyepesi kiasi kwamba mtu anajiuliza ilikuwaje mahakama tatu zihitajike kuifikia.

Majimbo mengine hayakusubiri majaji. New York ilipitisha mwaka 2008 sheria ya kwanza ya aina ambayo Wamarekani huilinganisha na bandari salama: chombo kilichopigwa na tufani huingia humo bila kuulizwa kimetoka wapi. Ilikuwa hatua ya woga kidogo, kwa sababu ilimwachia hakimu nafasi ya kumrudisha mtoto kwenye mkondo wa adhabu akiona hashirikiani. Illinois ikaenda mbali zaidi mwaka 2010 na kutamka kwamba yeyote aliye chini ya miaka 18 hawezi kushtakiwa kwa ukahaba. California ilifikia hapo mwaka 2016. Mfano unaonivutia zaidi ni wa Minnesota, kwa sababu ya ukawaida wake. Bunge la jimbo hilo lilipitisha sheria mwaka 2011 lakini likaahirisha kuanza kwake hadi Agosti 2014, ili katikati ijulikane watoto watapelekwa wapi wasipopelekwa rumande. Zikatengwa fedha za nyumba za kuwahifadhi na za watumishi wa kila kanda wanaojua nani apigiwe simu usiku wa manane, polisi wanapokutana na binti kwenye hoteli. Watafiti waliopiga hesabu mwaka 2012 walikadiria kwamba kila dola 1 inayotumika kuwasaidia mapema wasichana hawa italirudishia jimbo manufaa ya dola 34, kutokana na gharama za hospitali, mahakama na magereza zitakazoepukwa. Makadirio ni makadirio, lakini yalizungumza lugha ambayo mweka hazina wa jimbo anaielewa.

Sheria hizi zina wapinzani, na si wote wanaofaa kupuuzwa. Wa kwanza ndio wenye kelele zaidi. California ilipobadilisha sheria yake, ilisambaa habari kwamba jimbo limehalalisha ukahaba wa watoto. Hilo halikuwa kweli: anayemnunua mtoto na anayemuuza walibaki wahalifu, na polisi waliruhusiwa kumchukua mtoto aliye hatarini chini ya sheria za ustawi wa watoto. Aliyeondolewa kwenye orodha ya washtakiwa ni mtoto peke yake. Wa pili ni waendesha mashtaka, na hawa wana uzoefu. Wanasema kukamatwa ndiyo fursa pekee ya kumtenganisha binti na kuwadi. Ukimwachia, kufikia asubuhi amerudi kwa yule yule. Ni kweli wengi hurudi. Wengine wamefundishwa kumwona mnyonyaji wao kuwa ndiye mlezi. Lakini tuangalie pingu zinafanya nini. Zinathibitisha mbele ya macho ya binti kila alichoambiwa kuhusu polisi, kisha mwendesha mashtaka huyohuyo anamtaka asimame mahakamani awe shahidi wake mkuu. Kesi nyingi za aina hii husimama au kuanguka kwa ushahidi wa aliyeuzwa. Dawa ya binti asiye na pa kwenda ni kumtafutia pa kwenda, kama Minnesota ilivyojaribu. Kuna majimbo yaliyoiga maneno ya sheria hiyo yakaacha bajeti yake, na huko upinzani wa waendesha mashtaka una uzito: askari hana kosa la kuandika, wala hana nyumba ya kumpeleka mtoto.

Wa tatu ni wale wanaoamini ukali. Mwaka 2012 wapigakura wa California waliidhinisha kwa asilimia 81 pendekezo la kuongeza adhabu kwa wasafirishaji, na mwaka 2023 seneta Shannon Grove akapeleka muswada wa kulifanya kosa la kumsafirisha mtoto lihesabiwe miongoni mwa makosa mazito, yale ambayo mtu akiyarudia mara ya tatu anaweza kufungwa maisha. Kamati ya bunge iliukwamisha mwezi Julai, ghadhabu za umma zikawaka, Gavana Gavin Newsom akaingilia kati, na ndani ya siku mbili kamati hiyohiyo ikaupitisha. Ulitiwa saini Septemba. Sina huruma na anayeuza watoto, na sioni ubaya wa kifungo kirefu. Lakini waliosita kwenye kamati hawakuwa wakiwatetea makuwadi. Walijua jambo ambalo umma ulikuwa haujalisikia: katika biashara hii, msichana aliyekaa muda mrefu hutumwa kuwatafuta wenzake, kuwakodia chumba, kupokea fedha. Kwenye karatasi za polisi naye ni msafirishaji. Wavu uliokazwa bila kutazama nani yumo huvua dagaa, na papa akapita. Mwishowe muswada huo uliwekewa kinga kwa ajili ya waathirika waliotumwa namna hiyo, na kwa maoni yangu kifungu hicho kina thamani kuliko miaka yote iliyoongezwa.

Nimeongea sana kuhusu ngono kwa sababu mabunge ya majimbo nayo yameongea sana kuhusu ngono. Utumikishaji wa kazi huwapita machoni, labda kwa kuwa mfanyakazi wa shambani au wa ndani haonekani kama picha ya bango la kampeni. Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya kulijua hili. Mwaka 2008 mahakama moja mjini Washington, ule mji mkuu, ilimwamuru mwanadiplomasia wa Tanzania amlipe zaidi ya dola milioni 1 Mtanzania mwenzake aliyekuwa akimtumikisha nyumbani kwake kwa miaka kadhaa. Mwanamke huyo alishinda kwa kesi ya madai. Mwanadiplomasia ana kinga dhidi ya mashtaka ya jinai, na mfanyakazi wa ndani aliyeletwa na viza iliyofungwa kwa mwajiri mmoja akitoroka anakuwa mtu asiye na hadhi nchini. Hapa tena ni kauli ileile: ukienda polisi, utarudishwa kwenu. Sheria ya mwaka 2000 iliweka viza maalumu kwa waathirika, isiyozidi watu 5,000 kwa mwaka, lakini viza ni mamlaka ya serikali kuu na jimbo haliwezi kuitoa. Kilicho mikononi mwa jimbo ni sheria za kazi. New York ilianza mwaka 2010 kuwapa wafanyakazi wa ndani haki ya malipo ya saa za ziada na siku moja ya mapumziko kwa wiki. Siku hiyo moja yaweza kuonekana ndogo, ila kwa mtu anayefungiwa ndani ndiyo nafasi ya kuzungumza na jirani.

Linabaki swali gumu zaidi, la mtu aliyefikisha miaka 18. Binti aliyeuzwa tangu akiwa na 14 halali mwathirika akaamka mhalifu siku ya kuzaliwa kwake, lakini ndivyo sheria nyingi zinavyosoma: tangu siku hiyo lazima athibitishe kwamba alilazimishwa. New York ilianza mwaka 2010 kuwaruhusu manusura waende mahakamani kufuta hatia za ukahaba walizotiwa wakiwa mikononi mwa wasafirishaji, na majimbo mengine yakafuata, kwa masharti yanayotofautiana. Vipi kuhusu makosa mengine, kama wizi, dawa za kulevya, au hata kumuua aliyemnyonya? Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 dhidi ya ulanguzi ina jibu fupi. Kifungu chake cha 14 kinasema mwathirika hatawajibika kwa kuwemo nchini bila kibali wala kwa kitendo cha jinai kilichotokana moja kwa moja na kusafirishwa kwake. Utekelezaji ni habari nyingine, lakini maneno yapo, kwa upana ambao majimbo mengi ya Marekani hayajauthubutu.

Wisconsin ni miongoni mwa yaliyothubutu, kwa kifungu cha mwaka 2008 kinachofanana sana na hicho cha Kenya. Kilipimwa kweli baada ya mwaka 2018, pale msichana wa miaka 17 mjini Kenosha alipompiga risasi na kumuua mwanamume mwenye umri wa miaka 34 aliyekuwa akimtumia kingono, kisha akaichoma nyumba. Polisi walikuwa wamemkamata mwanamume huyo miezi michache kabla kwa tuhuma za kuwadhulumu watoto, wakamwachia siku hiyohiyo bila dhamana. Waendesha mashtaka walidai kifungu hakiwezi kugusa mauaji. Mwezi Julai 2022, kwa kura 4 dhidi ya 3, Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema kinaweza, iwapo mshtakiwa ataonyesha uhusiano wa kweli kati ya kunyonywa kwake na alichokitenda. Ilibaki kazi ya juri, yaani raia 12 wanaosikiliza ushahidi na kuamua. Hawakuwahi kuitwa. Akiwa anakabiliwa na uwezekano wa kifungo cha maisha, mwezi Mei 2024 alikiri kosa dogo zaidi, na Agosti akahukumiwa miaka 11 gerezani.